Yule Mpishi Wako

Sijui kupiga hema. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, kazi ya ofisini katika kampuni ya bima na talaka ya mwaka mmoja, na siku ile ya kwanza kule Moroko nilisimama mbele ya mfuko wa turubai na vyuma kama mtoto aliyepewa mtihani wa darasa lisilo lake. Upepo wa bahari ukaninyang'anya kitambaa mara mbili. Mara ya tatu kikapaa na kwenda kumfunika mwanamke aliyekuwa ameinama akiwasha mkaa. Kutoka chini ya kile kitambaa nikasikia Kiswahili: "Sasa hii nayo ni nini tena, jamani!"

Sikwenda kule kwa akili zangu. Mwenzangu wa ofisini, Mmarekani anayependa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, ndiye aliyenitia hamu. Alinionyesha picha za kijiji kidogo ufukweni, vijana na mbao zao kichwani, mbuzi juu ya mwamba, mahema yamejipanga karibu na maji. Tukalipia wote wawili. Wiki moja kabla ya safari akateguka kifundo cha mguu, na tiketi zenyewe zilikuwa za aina isiyorudishwa. Nikaenda peke yangu, nikijifanya jasiri. Watanzania wenzangu wa Dallas niliwaambia nakwenda Moroko na watu wa ofisini, tutakaa hotelini. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na nilidhani hauna madhara.

Mwanamke wa kwenye mkaa alikuwa Mrundi. Alizaliwa kambini, upande wa Kigoma, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na alifika Marekani akiwa msichana. Tulipoulizana unakaa wapi, yeye akasema Mesquite, mimi nikasema Grand Prairie, vyote vitongoji vya Dallas. Tukatazamana. Barabara ikiwa nyeupe, ni dakika arobaini kwa gari, na ilitubidi tuvuke bahari nzima ndipo tusalimiane. Alikuwa akifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja, na mwenzake wa zamu alikuwa Mmoroko ambaye shangazi yake ndiye mwenye ile kambi ya mahema. Mwaka huo alikuwa amepata pasipoti ya kwanza maishani mwake. "Nikasema siwezi kuiweka kabatini tu kama sahani za wageni," aliniambia. "Lazima igongwe muhuri."

Nilimuuliza kwa nini asichukue chumba, kwani vyumba vilikuwepo.

"Dada, mie nimelala chini ya turubai miaka kumi na saba bila kulipa," akasema. "Nimetaka nione hawa wanaolipa wanapata nini cha zaidi."

Alicheka mwenyewe kwanza, ndipo na mimi nikapata ruhusa ya kucheka. Hema langu alilisimamisha yeye, kwa dakika kumi hivi, akinikemea kwa namna nilivyokuwa nikipigilia vigingi vya chuma wima badala ya kuvilaza. Jioni hiyo tulikula dagaa wakubwa wa kuchoma na mkate wa moto, na sikurudi tena kwenye kile chakula cha kopo nilichokibeba kutoka Texas.

Siku ya tatu mawingu yalijaa. Wazungu wa mahema ya jirani walikuwa wakipiga picha mawimbi. Yeye alikwenda kwa mama mwenye kambi, akarudi na jembe, akanipa mimi.

"Mgeni siku mbili," akasema. "Ya tatu mpe jembe. Chimba."

Alinichorea mstari kwa kisigino kuzunguka mahema yetu mawili, nami nikachimba mfereji huku viganja vikitoka malengelenge na yeye akinisimamia kama nyapara. Nilinung'unika sana. Mvua ilipokuja, ilikuja na hasira zote, na asubuhi yake mahema yaliyobaki makavu pale yalikuwa mawili tu. Wasichana wawili wa Kireno walihamia kwetu na mablanketi yao yaliyolowa, tukakaa wanne tumebanana, tunakunywa chai ya mnanaa kwenye glasi moja inayozunguka. Aliwafundisha kusema "pole". Wakawa wanatuambia pole kwa kila kitu, hata tulipokuwa tunacheka. Mama mwenye kambi alipoleta mkate alituuliza kwa ishara kama sisi ni ndugu wa tumbo moja. Mwenzangu akanikumbatia shingoni.

"Huyu ni dada yangu," akamjibu kwa Kiswahili, na yule mama akaelewa.

Tangu ndoa yangu ivunjike sikuwahi kufurahi vile. Nasema hivi ili ijulikane nilichokuwa nacho mkononi.

Tulijaribu hata ule mchezo wa mawimbi. Yeye alisimama kwenye ubao kwa muda wa kutamka jina lake, kisha akaanguka na kuibuka akitema maji. Mimi sikusimama kabisa. Uwanja wa ndege tuliagana huku tukiahidiana kwamba Texas hatutapotezana, ingawa tulikuwa tunapanda ndege moja.

Na kweli hatukupotezana, kwa miezi kadhaa. Jumapili ambazo hakuwa na zamu alikuja kwangu. Tulipika pamoja, yeye ndizi na maharage, mimi wali wa nazi ya kopo, kila mmoja akimsema mwenzake anavyoharibu. Mara moja moja nilikwenda Mesquite, nikakaa kwenye kochi la dada yake, nikala nikashiba. Lakini kwa watu wangu sikumpeleka. Sikumpeleka hata siku moja.

Nikijitetea ningesema nafasi haikupatikana. Ukweli ni kwamba sisi Watanzania wa pale, au tuseme wale niliokuwa nikiwakimbilia mimi, tulikuwa watu wa ofisini na mahospitalini, wenye vyeti ukutani. Warundi tulikutana nao kwenye misa ya Kiswahili, tukawapa mkono wa amani, kisha kila mtu akarudi kwenye gari lake. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Nilikuwa nimetalikiwa, na talaka ilikuwa imenishusha cheo katika kundi la kina mama. Nilikuwa napanda tena ngazi taratibu na sikutaka mtu wa kunishika sketi. Ndivyo nilivyofikiri. Nikiyasoma maneno haya natamani yangekuwa ya mtu mwingine.

Mwaka 2019, majira ya kuchipua, nilihamia nyumba yangu mwenyewe, ndogo, huko huko Grand Prairie. Kilichonifanya niipende ni jiko lake la wazi, lile la Kimarekani lisilo na mlango wala ukuta, unapika huku unawaona wageni wako sebuleni. Nikaamua kufanya sherehe ya kuifungua nyumba. Niliwaalika kina mama wote, hasa mmoja wa kitongoji cha DeSoto, muuguzi mkuu, ambaye neno lake kwenye kundi letu lilikuwa ndilo neno. Na yeye, rafiki yangu, nilimwalika. Hilo nililifanya. Nilimwambia aje saa tisa alasiri kama wengine.

Alikuja saa mbili asubuhi. Alishusha masufuria mawili makubwa, mkungu wa ndizi uliokwisha kukatwakatwa, sombe, yaani kisamvu, aliyoitwanga mwenyewe, na kisu chake amekifunga kwenye taulo. Kwao, na kwetu pia kabla hatujajifanya Wamarekani, anayefika chakula kikiwa tayari ni mgeni. Anayefika na kisu chake ni ndugu. Nililijua hilo vizuri. Kwenye gari, kiti cha nyuma, nililiona gauni la kitenge limening'inia ndani ya plastiki.

"La nini hilo?" nikamuuliza.

"La sherehe! Unafikiri nitakaa na wageni wako na hii fulana? Tukimaliza kupika nita-change, tunatoka wote kama maharusi."

Tulipika pamoja hadi saa nane. Kisha mimi nikaenda kuoga na kuvaa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu nilipotoka nimevaa, wageni wa kwanza walikuwa wamefika mapema, na yeye alikuwa bado na fulana, kitambaa kichwani, akigeuza samaki. Nikapokea wageni. Nikawaonyesha vyumba. Kila nilipopita jikoni nilimwambia, "Nakuja sasa hivi." Yeye alinijibu, "Nenda, nenda, wageni wako hao." Kulikuwa na muziki, na feni ya juu ya jiko ikinguruma. Wageni wakamwagika. Wakaanza kumpa sahani chafu, naye akazipokea, kwani kuna ndugu gani anayekataa sahani? Mama mmoja akamwomba barafu bila kumsalimia. Nililiona hilo kwa macho yangu.

Nilikuwa na mpango, eti. Watu wakishiba nitamshika mkono, atakwenda kuvaa gauni lake, nitawaambia huyu ni ndugu yangu. Nilikuwa najiahidi hivyo huku nikizidi kuzunguka na trei ya soda.

Yule mama wa DeSoto alikuwa amekaa kwenye kiti cha juu, hatua tano kutoka jikoni. Alimaliza sombe, akaomba nyingine, akanivuta mkono.

"Shosti, huyu mpishi wako ume-m-hire wapi? Hii sombe si mchezo. Nina graduation ya kijana wangu June, nipe namba yake."

Wengine wawili wakageuka kunisikiliza. Mmoja akasema, "Na mimi, please."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na ni neno jepesi, mtoto wa chekechea analijua. Rafiki. Lakini baada ya neno hilo yangefuata maswali: mmejuana wapi, Moroko, si ulikuwa hotelini, hema gani, wewe na nani? Niliyaona maswali yamejipanga. Nikacheka kidogo.

"Yuko Mesquite," nikasema. "Ngoja nikutumie."

Nikatoa simu. Kwenye simu yangu alikuwa ameandikwa "Dada Moroko". Nikasimama pale katikati ya sebule yangu mpya, nikafuta maneno hayo, nikaandika "Mpishi Mesquite", ndipo nikatuma. Hilo hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyeliona pia, na kwa muda mrefu nilijifariji kwa hilo.

Nilipoinua macho alikuwa amenipa mgongo, anasugua sufuria. Sikumshika mkono. Gauni halikuvaliwa. Alipomaliza kuosha kila kitu alisema amechoka, kesho ana zamu ya asubuhi, nami nikamsindikiza hadi kwenye gari nikimshukuru mno, kwa maneno mengi, jinsi mtu anavyomshukuru fundi. Lilipoondoka nililiona lile gauni linayumba kwenye kioo cha nyuma.

Jumapili iliyofuata alinipigia simu.

"Kuna mama wa DeSoto kanipigia," akasema. "Anataka nimpikie watu themanini. Kasema eti mie ndiye yule mpishi wako."

Nikaibana simu begani, nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Sasa nimwambieje?" akauliza.

Sauti yake haikuwa na ugomvi wowote. Aliuliza polepole, akanisubiri. Mungu alinipa nafasi ya pili, tena kwenye simu, hakuna hata mtu wa kunitazama usoni, na nilichosema ni hiki: "Kubali tu. Wanalipa vizuri wale."

"Sawa, mama," akajibu.

Tulikuwa tumelingana umri. Miezi yote ile alikuwa akiniita dada, au "weye" akiwa ananikemea. Mama ndivyo tunavyoitwa na wauza duka na watu tuliowapa kazi. Nililisikia, nikajifanya hamnazo, nikamuuliza habari za dada yake.

Alipika ile sherehe ya DeSoto, akapika na nyingine. Jumapili zake zikajaa. Akaacha kazi ya mashuka. Mimi nilikuwa nikikutana na chakula chake kwenye sherehe za watu, nakijua kwa harufu kabla sijafunua, na siku mbili tatu nilimkuta mwenyewe nyuma ya meza, amevaa aproni nyeusi. "Karibu, mama, nikuwekee na ndizi?" Aliniwekea vizuri, nyama nzuri nzuri. Watu waliniambia nina mkono wa baraka, nimemtoa binti wa watu kwenye mashuka. Niliitikia. Hata hilo nililibeba, sifa ya wema nisioufanya.

Mwisho wa mwaka yule mama wa DeSoto akaniambia, kwa kulalamika, "Yule mpishi wako kahamia Houston, umesikia? Kaka yake yuko kule. Sasa sisi tutakula nini?" Sikuwa nimesikia. Rafiki yangu alihama mji, nami nikapata habari hizo kwa mtu aliyemjua kwa sombe.

Mwezi wa pili wa 2020 nilipiga moyo konde, nikampigia. Nilimwambia nina semina ya ofisi Houston. Hakukuwa na semina. Akasema karibu, Jumamosi mchana nitakuwa nyumbani. Niliendesha kwa muda wa saa nne na nusu nikiwa na keki ya dukani kwenye kiti cha pembeni, nikiirudia sentensi yangu kwa sauti: siku ile nilipaswa kusema wewe ni rafiki yangu, nikaona aibu, nisamehe. Kwa urahisi ilivyokuwa ikitoka mdomoni ndani ya gari, nilidhani kazi kubwa imekwisha.

Alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza. Ndani kulikuwa na wifi yake na majirani wawili, Warundi, wanamenya ndizi. Kesho yake walikuwa na posa ya mtu. Nikawasalimu. Wifi akauliza kwa Kiswahili, "Huyu ni nani?"

"Mteja wangu wa kwanza," akasema. "Wa kule Dallas."

Alilisema bila kejeli, hata kwa fahari kidogo, na wale wanawake wakanipa mikono miwili miwili. Nikaketi. Kisha nikainuka, nikakunja mikono ya blauzi, nikamfuata hadi kwenye mlango wa jikoni. Jiko lake lilikuwa na mlango.

"Nipe kisu," nikasema. "Nimenye na nyie."

"Hapana, mama, kaa. Umetoka mbali."

"Nipe hata vitunguu."

"Wateja hawaingii jikoni," akasema akitabasamu, akanigeuza taratibu kwa kiwiko, kwani mikono ilikuwa na unga.

Akaniletea maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe. Akaniletea chakula kwenye trei, sahani imefunikwa na nyingine. Nilikula peke yangu sebuleni mbele ya televisheni isiyo na sauti, nao kule ndani wakizungumza Kirundi. Mara nikasikia neno Moroko. Wakaangua kicheko. Nikaacha kutafuna. Alikuwa anasimulia kitu kirefu, na nikasikia kishindo, kama mtu anaonyesha kwa mguu namna ya kuchora mstari chini kwa kisigino. Wakacheka tena. Niliketi nikingoja aniite nikamalizie upande wangu wa hadithi, wa malengelenge. Nilikuwa nimeshaweka kijiko chini.

Saa kumi nilisema naondoka. Alinifungashia chakula kwenye chombo cha foili na kunisindikiza hadi kwenye gari. Hapo ndipo nilipoitoa ile sentensi, na haikutoka kama nilivyoizoeza. Ilitoka vipande vipande, nusu yake machozi. Nikamwambia kuhusu yule mama, kuhusu namba, kwamba aliniuliza nami nikakosa ujasiri wa kujibu.

"Najua," akasema. "Nilisikia."

"Na ile feni? Na muziki?"

"Jiko lako halina mlango, mama. Nilizima feni nilipomsikia anauliza. Nilikuwa nimeshika mwiko, nasikiliza utasema nini."

Yeye akafungua mlango wa abiria, akakiweka kile chombo kwenye kiti, akakizungushia mkanda wa usalama na kuubana vizuri.

"Nilikusamehe siku nyingi," akasema. "Siwezi kupika na kinyongo, chakula kinachacha. Endesha polepole kwenye kona, mchuzi usimwagike."

Wiki chache baadaye maradhi yakafunga kila kitu, sherehe na barabara, na watu wote wakawa na sababu ya kutotembeleana. Mimi nilikuwa nayo kabla yao. Amenisamehe, na sina shaka na msamaha wake, ila hajaniita dada tena. Kwenye simu yangu bado ameandikwa "Mpishi Mesquite", wakati Mesquite alishahama. Mara nyingi nimeifungua ile namba nibadilishe. Nafuta lile neno la kwanza, nalitazama lile la pili, halafu narudisha kama yalivyokuwa, kwa sababu jina ninalotaka kuliandika alinipa yeye, na siku ile nilipolifuta sikumwomba ruhusa.